Kazima, kazimia au kakata moto? Neno lipi limfae aliyelewa

Ujumbe wenyewe ulikuwa wa maneno manne: "Bamdogo kazima, hajitambui, tumemlaza."

Niliuandika saa sita na ushee usiku, nimeegemea ukuta wa nyumba ya harusi Ujiji, nikautupia kwenye kundi la WhatsApp la ukoo. Nusu ya ukoo wetu iko Tabora. Nilidhani watacheka. Hazikupita dakika tano simu ikaita. Ni shangazi, yuko Isevya, analia. "Mmemlaza wapi? Mwili mmeupeleka wapi?" Nyuma yake nasikia mtu akiulizia treni ya kesho inaondoka saa ngapi.

Mwili ulikuwa kwenye mkeka, ubavuni kwangu, unakoroma, kiatu kimoja kimevuliwa na kingine bado kiko mguuni.

Tangu usiku ule nimekuwa mtu wa kuyapima maneno haya kabla ya kuyatumia. Uhaba hatuna. Maneno ya pwani yalifika huku na misafara, kisha yakaja na reli iliyofika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na siku hizi ya Dar yanatua kwenye simu kabla hata habari za Dar hazijatua. Ziwa nalo linatuletea ya Kongo. Mtu wa Kigoma ana ghala zima la kuchagua. Shida ni kwamba maneno yenyewe hayapokezani zamu. Lililo tamu kijiweni Mwanga, hapa Kigoma, linaweza kumliza mama mtu mzima Tabora, nami nina ushahidi.

Amelewa, kalewa, mlevi

"Amelewa" linaingia popote: polisi, kwa mwenyekiti wa mtaa, hospitali, msikitini, kanisani. Halichekeshi wala halitukani. Ukienda kituoni kueleza kwamba dereva alikuwa tungi, askari ataandika "alikuwa amelewa" bila hata kukuuliza. Tena ndilo neno lenye watoto. Limezaa mlevi, ulevi, kileo na kilevi, likazaa kulevya, na huko ndiko zilikotoka dawa za kulevya. Linatoka mpaka nje ya pombe: mtu hulewa usingizi, hulewa sifa, hulewa madaraka. Jaribu kusema kwamba diwani yuko tungi kwa madaraka, uone watakavyokutazama. Maneno ya kijiweni hayaendi mbali na chupa.

Kati ya "amelewa" na "kalewa" kuna ngazi moja ya heshima. Hiyo ka- ni ya mdomoni, ya watu wa rika moja. Kumhusu rafiki yangu nasema kalewa na dunia haiharibiki. Kumhusu baba mdogo, tena nazungumza na dada yake aliyembeba mgongoni, nilipaswa kusema "amelewa", na hapohapo niongeze "kidogo" hata kama si kidogo. Hilo "kidogo" halipimi kitu. Ni khanga ya kumfunikia mtu.

"Mlevi" ndilo la kushika kwa mikono miwili. Amelewa ni la usiku mmoja, mlevi ni la maisha. Nimewahi kukaa kwenye kikao cha posa Katubuka, wazee wa upande wa binti wakauliza, "Kijana wenu anatumia?" Wa kwetu wakajibu, "Anatumia kwenye shughuli tu." Kikao kizima hakuna aliyetaja pombe. Angeponyokwa mmoja na "aa, si mlevi sana," tungerudi na mahari yetu nyumbani. "Kutumia" ni kitenzi cha adabu ya ajabu, maana hakisemi kinachotumiwa ni nini, na kila mtu anajua. Posani, kazini, kwa mkwe, chukua hilo.

Halafu kuna "mnywaji", ambalo mtu hujiita mwenyewe bila aibu, na "chapombe", ambalo huwezi kujiita wala kumwita mtu usiyemjua. Chapombe ni tusi lenye kicheko ndani yake. Kwa rafiki litapita. Kwa jirani uliyegombana naye mpaka wa kiwanja halipiti.

Maji, mtungi, vyombo

Hapa vijana huchanganya mambo mawili, kunywa na kulewa. "Kapiga maji" inasema amekunywa, basi. Aliyepiga maji anaweza bado kuhesabu chenji yake na kukumbuka nani anamdai. "Yuko tungi" inasema hali aliyofikia. Mpigie mwenye nyumba umwambie "fundi kapiga maji", atakuuliza kama anaweza kumalizia ile kona. Mwambie "fundi yuko tungi", hatauliza kitu, ataanza kutafuta namba ya fundi mwingine.

(Maji yenyewe yana kisa. Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji, maji yakiwa ndiyo aibu ya pombe. Leo maji ndiyo pombe yenyewe. Huku Kigoma methali hiyo inachekesha mara mbili: tumejaa michikichi, lakini tunayoisifia ni mawese, na ukisema "tembo" mtoto anafikiria mkonga.)

"Tungi" limekuzwa kutoka mtungi, kama jitu lilivyokuzwa kutoka mtu. Lakini halikubali kubadilika: yuko tungi, tuko tungi, wako tungi, kumi tungi lilelile. Ukitaka kusema kunywa, unalirudisha kwenye udogo wake, "kapiga mtungi". Ila mwangalie msikilizaji wako. Kwa shangazi, mtungi ni ule wa udongo uliokaa kwenye kona ya nyumba ya bibi, maji yake baridi na kata ya kifuu juu yake. Kwa binti yake, mtungi ni wa gesi. Nyumbani kwangu "mtungi umeisha" ni habari ya jikoni, na mke wangu hupenda niiitikie kwa kutoa hela. Kijiweni maneno hayohayo ni habari ya baa, na huko nako naitikia kwa kutoa hela.

"Vyombo" vina mtego wa namna hiyo. Kupiga vyombo ni kunywa kwa bidii, si kuonja. Lakini shuka Kibirizi, zinakofunga boti za kwenda vijiji vya kandokando ya ziwa, vyombo ni vyombo vya majini, na "leo vyombo ni vingi" ni taarifa ya usafiri. Abiria akiambiwa nahodha huyu ni mtu wa vyombo ana haki ya kuuliza vipi hasa.

"Masanga" tumeyapata kwa Kilingala, ambako maana yake ni pombe, haijalishi imetoka kwenye chupa au kwenye ndoo. Kwetu yameng'ang'ania zaidi kwenye bia. Ni neno la watu wazima wanaopenda dansi, na Kigoma halisikiki geni hata kidogo, maana wenye lugha yao tunauziana nao vitenge na samaki. Tabora ukilisema linasikika kama unataka watu wajue kwamba unaijua miziki ya Kongo. "Ulabu" sina ugomvi nalo, ni la kijiweni na linakaa hukohuko. "Kilaji" silipendi. Ni neno la magazeti ya udaku, linasikika kama mtu anayeomba radhi huku anakonyeza.

Na ukimsikia mtu akisema "kapiga viroba", kadiria umri wake. Pombe za vifuko vya plastiki zilipigwa marufuku kuanzia tarehe 1 Machi 2017. "Kapiga bapa" lipo hai, na lina faida moja ambayo mengine hayana: linakuambia kwamba alichokunywa ni kikali, kile cha kwenye chupa bapa inayokaa mfukoni, si bia mbili za kupoza koo.

Saa mbili, saa nne, saa tano

Harusi ile ya Ujiji haikuwa na pombe. Ilikuwa na pilau, soda, kaswida, na wazee wenye kanzu zilizopigwa pasi mpaka zinakata. Baba mdogo alikuja kutoka Tabora kwa treni, akasalimia vizuri, akala, akasema anakwenda Mwanga "kununua vocha". Ni safari ya bajaji. Akarudi saa mbili usiku bila vocha.

Mwenye nyumba alinivuta pembeni akaninong'oneza, "Mgeni wenu kachangamka." Sitasahau huruma ya neno lile. Kachangamka maana yake anaongea zaidi, anacheka zaidi, pengine ni furaha ya harusi tu. Linaacha mlango wazi ili aibu itoke yenyewe. Katika maneno yote ya ngazi za chini hilo ndilo ninalolichagua kwa mtu aliye mbele ya watu wanaomheshimu. "Ameonja" linakaribia, ila linataja kwamba kuna kilichoonjwa. "Amepata moja mbili" linahesabu, na ukishaanza kuhesabu watu watataka jumla.

Akatoka tena. Saa nne aliporudi ngazi ilikuwa imepanda: "pombe imempanda." Angalia nani anatenda hapo. Katika kulewa mtu ndiye mtendaji, ni yeye amelewa. Katika kupandwa, pombe ndiyo iliyofanya, yeye ni kama kapandwa na pepo. Mke akimsemea mumewe kwa wakwe, mara nyingi utamsikia akichagua kauli hiyo, na sioni vibaya. "Pombe imemshinda" iko jirani lakini ni kali zaidi, maana palikuwa na mchezo na ameshindwa.

Saa tano alikuwa anapepesuka. Hili si tusi wala tafsida, ni ushahidi wa macho. Alifika kwenye turubai, akaushika mlingoti, akausalimia, akausubiri uitikie. Ulipokawia akausalimia tena, safari hii kwa sauti ya kuonya. Ukitaka kusema ulichokiona bila kuhukumu, sema anapepesuka au anayumba. Kupepesuka ni kwa mtu mwepesi, hatua zinakwenda zake na yeye anazifuata. Kuyumba kunamfaa hata mzito, hata gari, hata lori la tumbaku likitoka Urambo.

Ngazi ya juu kuna mawili yanayogombea kiti, "chakari" na "bwii". Chakari halitembei peke yake, lazima litanguliwe na kulewa: amelewa chakari. Linaandikwa gazetini, limo kwenye kamusi, na lina lawama ndani yake. Bwii, wengine husema mbwii, linaweza kusimama peke yake, "yuko bwii", na halina lawama, lina mlio tu, kama kitu kizito kilichodondoka kwenye mchanga laini. Unasimulia dereva aliyeparamia watu, sema chakari. Bwii hapo ni kukosa utu. Unasimulia rafiki aliyekuwa akitafuta kitasa kwenye shina la mwembe, sema bwii, maana chakari hapo litageuza kisa kuwa hotuba.

Wazee wana mengine. "Amelewa chopi" lina picha nzuri, maana kwenda chopi ni kuchechemea. "Amelewa tilalila" lina muziki. Yote mawili yanafia mikononi mwa vijana, nami huyatumia makusudi mbele yao ili waniulize.

Kazima, kazimia, kakata moto, kazimua

Sasa turudi saa sita.

Kuzima ni kwa taa, simu, jiko. Mtu aliyelewa "akizima" amelala pasipo kupanga, pale pale alipo, na nguo zake. Vijana wameliongezea: "kazima data", na "mtandao umekata" ni ndugu yake. Ninavyoyasikia yakitumika, yana tofauti. Kazima tupu, mtu yuko chini. Kazima data, mtu anaweza bado kuwa wima, anabishana, anaagiza chipsi, ila kesho ukimkumbusha atakataa katakata, na hatakuwa anadanganya. Kwa kuchekeshana asubuhi, kazima data ndilo tamu zaidi.

Kuzimia ni kitu kingine. Irabu moja tu imeongezeka na mtu ametoka baa yuko wodini. Anayezimia anaweza asiwe ameonja hata tone: jua, njaa, taarifa ya msiba. Halafu mtaani kukawa na "kamzimia", yaani kampenda mpaka hajiwezi. Kwa hiyo ukiandika haraka haraka "kazimia", msomaji ana njia mbili za kwenda na zote siyo uliyoikusudia.

"Kakata moto" nimelisikia likitumiwa na vijana kwa aliyelewa kupita kiasi. Wasilitumie. Kukata moto ni kufa, na watu wazima hawajui maana nyingine. Na hapo ndipo nilipomwelewa shangazi. Kwa umri wake, moto na kuzima ni mlango na bawaba. Kwake taa ya mtu ikizima, imezima.

Kama vile haikutosha, nikaongeza "hajitambui". Neno hili mtaani siku hizi ni dongo tu, mtu asiyejua thamani yake, asiyejua anakwenda wapi na maisha. Kwa muuguzi ni mtu aliyepoteza fahamu. Nikamalizia na "tumemlaza". Wagonjwa hulazwa hospitali, maiti hulazwa kaburini, na walevi, naam, hulazwa mkekani, ila hao ndio wa mwisho kufikiriwa saa sita usiku. Ukitoa jina la baba mdogo, maneno matatu, na kila moja nililichagulia maana yake mbaya kuliko zote bila kujua.

Hapa niseme jambo bila utani. Upo wakati aliyelewa si wa kuchekwa. Ukimwita haamki, ukimfinya hashtuki, anapumua polepole au kwa kukatakata, ngozi imekuwa baridi, anatapika huku amelala, huyo mlaze ubavu ili matapishi yasimkabe, na mkimbize kituo cha afya. Ukifika pale acha kazima, acha bwii, acha tungi. Sema, "Amekunywa pombe nyingi tangu saa fulani, tunamwita haamki." Na utaje alichokunywa kwa jina lake. Kama ni gongo sema gongo, kwa sababu pombe ya kukenekwa kienyeji inaweza kuwa na methanoli, na methanoli inapofusha na inaua. Usiogope kwamba ni haramu kisheria. Muuguzi anataka kujua cha kutibu.

Na usiseme "moshi". Sheria ya mwaka 1966 inayokataza kukeneka gongo bila leseni inaiita hivyohivyo, Moshi, na kwa watu wa Tabora na Shinyanga ni neno la kila siku. Lakini mwambie daktari mgeni kwamba mgonjwa "amezidiwa na moshi", ataanza kuuliza nyumba imeungua saa ngapi. Tabora pia kuna kata inayoitwa Gongoni, na kila mtu wa huko ameshachoka na utani wake, kwa hiyo na mimi naupita.

Tofauti na gongo, "wanzuki" mtu hulitaja kifua mbele. Tabora ni nchi ya miombo na mizinga, na pombe ya asali ni ya kwao kama ilivyo pombe ya ndizi kwa Kasulu na Kibondo. Mzee akisema "jana nililewa wanzuki" anakupa habari ya utamaduni. Akisema "jana nililewa gongo" anakupa siri.

Limebaki "kuzimua". Linafanana na kuzima kwa sura, ila linakaa upande wa pili wa usiku. Kuzimua ni kupunguza ukali kwa kuongeza kitu, kama unavyozimua chai kali kwa maji. Mlevi akaliazima: asubuhi kichwa kinagonga, anakunywa kidogo ili azimue. Uzuri wa neno hili ni kwamba linatoa sura ya dawa kwa kitu ambacho si dawa. Kinachofanyika ni kuahirisha maumivu hadi mchana, na maji mengi yangemfaa zaidi. Lakini kama kazi yako ni kuchagua neno, hakuna lingine linalolipata. Kwa ile hali yenyewe ya asubuhi unayo "hangova", ambayo kila mtu anaielewa, "mning'inio", ambao ni mzaha wa wasomi na unachosha mara ya pili, na "uchovu", ambao ni wa watu wazima. Mtu akikuambia Jumapili asubuhi ana uchovu na Jumamosi hakulima, usimuulize zaidi.

Mawili ya kuyaacha yalipo

Mkenya akikuambia "jana niliwaka", amelewa. Kwetu aliyewaka amekasirika. Nimeona watu wawili kwenye basi la Nzega wakizungumza robo saa, mmoja anaomba radhi kwa kulewa na mwenzake anamsamehe kwa hasira. "Keroro" nalo ni lao, na likisemwa na kijana wa Kiloleni linasikika kama koti la kuazima.

"Stimu" liko hapa hapa nchini lakini linanuka bangi. Ukisema baba mdogo ana stimu, umemhamisha kutoka kwenye aibu ndogo kwenda kwenye kesi.

Nilichomwandikia mara ya pili

Shangazi alikuwa haniamini tena kwa maneno ya mdomo, simu ilipita mikono mitatu Isevya huku kila mmoja akiniuliza swali lilelile. Nikakata, nikakaa chini, nikaandika kama mtu anayeandika barua kwa mkuu wa shule:

"Shangazi shikamoo. Baba mdogo ni mzima. Amekunywa kidogo, amelala, anakoroma. Asubuhi atakupigia mwenyewe."

Hapo sikutumia hata neno moja kati ya yale niliyokuwa najivunia. Sikusema tungi, bwii wala chakari, hata amelewa sikulisema. Lililomtuliza, aliniambia baadaye, si "mzima", kwa sababu watu huficha misiba kwa kusema mzima. Ni "anakoroma". Maiti hakoromi. Basi kama unachagua neno la kumwandikia mtu aliye mbali, usiku, naye hamwoni unayemwona wewe, angalia kwanza kama mtu wako anakoroma, na kama anakoroma liandike hilo.

Jibu lake lilikuwa fupi: "Marahaba. Mwambie ni mjinga."

Kesho yake nilimsindikiza baba mdogo stesheni. Alikuwa amevaa miwani ya jua ya mtu mwingine, mkononi ana mfuko wa migebuka mikavu ya kumpelekea dada yake kama faini. Tulikaa kwenye benchi. Akatoa simu, akapiga, akajiweka sawa koo.

"Dada, shikamoo. Hapana. Hapana, dada, wanakuza mambo tu hao watoto. Niko vizuri kabisa, nina uchovu kidogo wa safari."

Treni ilikuwa bado haijaingia stesheni.